Mkanda wa Nne

Mfasiri hakuwahi kumsemesha dereva wake isipokuwa kwa kipaza sauti. Ninaanza na jambo hili kwa sababu kila mtu alilijua, kuanzia Njombe mjini hadi Makambako, na kuteremka mpaka Mlangali na Mawengi, na kwa sababu karibu kila mtu alilielewa visivyo.

Gari la sinema lilikuwa na watumishi wawili tu. Mmoja aliliendesha, akawasha jenereta, akatundika kitambaa cheupe kati ya nguzo mbili na kuzungusha mikanda. Wa pili alisimama kando ya kitambaa, maikrofoni mkononi, akatueleza yale waliyokuwa wakisema Wazungu wa kwenye picha. Alitueleza kwa Kiswahili, na pale wazee walipokunja nyuso, akahamia Kibena. Huyo wa pili ndiye tuliyemwita Mfasiri. Gari liliposimama vibaya, hakuzipiga zile hatua nne za kumfikia mwenzake dirishani. Alipuliza maikrofoni, na uwanja mzima ukasikia:

"Dereva wa gari hili anaombwa kurudi nyuma kidogo. Ahsante."

Dereva alijibu kwa honi. Mara moja ilikuwa ndiyo. Mara mbili, hapana. Honi ikalia mara mbili.

"Anaombwa tena, kwa heshima zote."

Kisha honi ikalia mara moja, ndefu, yenye kununa, na gari likarudi nyuma huku watu wakipiga vigelegele.

Watu walidhani ni utaratibu wa Serikali. Walikuwa wamezoea Serikali yenye taratibu nyingi zisizo na maelezo, na huu ulikuwa na heshima kuliko nyingine. Jumbe mmoja wa upande wa Mlangali aliupenda mno hata akamkataza karani wake kumsogelea mbele za watu. Karani alipewa filimbi, na baraza zima likajifunza kwamba filimbi moja ni ndiyo.

Ukweli ulikuwa wa nyumbani. Dereva alikuwa baba yangu, na Mfasiri alikuwa kaka wa mama yangu, tumbo moja. Baba alikuwa Mkatoliki wa familia zilizolima kando ya misheni. Mama na kaka yake walikuwa Walutheri na walisomea shule ya misheni yao, Kidugala. Mama alipokubali kuolewa na baba na kuhamia kanisa la baba, kaka yake aliapa mbele ya mama yao mzazi kwamba yeye hatamsemesha mwanamume yule, wala hataikanyaga nyumba ya mwanamume huyo. Miaka ikapita. Kila mmoja, bila habari za mwenzake, akaomba kazi katika ofisi ileile ya sinema za Serikali, na ofisi, ambayo haikuwa na safu ya kuandikia viapo katika fomu zake, ikawapa gari moja. Hakuna aliyekuwa tayari kuiacha kazi. Basi wakapatana bila kusemezana, na sijui hata hilo la kupatana walilipatanaje.

Sikuwahi kumwita mjomba. Nilijaribu mara moja, nikiwa shule ya kati, mbele ya watu. Aliinua maikrofoni: "Wanafunzi wote wanaombwa kumwita mfasiri, Mfasiri." Wenzangu walicheka mpaka wakakohoa. Nilimsikia baba, ndani ya gari, akigusa honi kidogo sana, kama mtu aliyeanza kusema neno akalimeza. Nimelifikiria guso hilo mara nyingi kuliko linavyostahili, na bado sijui lilikuwa ndiyo iliyokatika au hapana iliyokatika.

Alikuwa mrefu, mkavu, na koti lake la mvua alilivaa kiangazi na masika. Hakunywa ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Alikuwa mzee wa kanisa na aliuogopa uongo kama wengine wanavyoogopa radi. Mtu akisema sokoni Makambako kwamba lori limepinduka mara tano, Mfasiri alimuuliza, "Ulizihesabu?" na alisubiri jibu kweli, mikono nyuma, mpaka mwenye habari akapunguza hadi mara mbili, kisha moja, kisha akakiri kwamba lori liliegemea tu ukingo. "Chumvi ni ya mboga," alisema, akaondoka ameridhika. Alipoulizwa jambo asilolijua, alisema hajui, mbele ya umati, kwa sauti iliyofika ng'ambo ya bonde.

Mtu huyohuyo, akishika maikrofoni, aliwapa mbu wa filamu ya malaria hotuba. Katika filamu ya sabuni aliwatungia watoto wawili wa Kizungu ugomvi wa urithi ambao, nina hakika kabisa, haukuwamo. Nilipopata umri wa kukijua Kiingereza kidogo, nilianza kusikia pengo kati ya midomo ya kwenye kitambaa na sauti ya kando yake, na pengo hilo ndilo lililonifanya, naamini, kuwa mwanafunzi wa mambo ya ushahidi. Ni vigumu kueleza namna mtu mmoja alivyokuwa na mizani mbili. Nimejaribu kusema kwamba aliiona filamu kuwa hadithi, na hadithi haina kiapo. Lakini maelezo hayo yanamfaa mtu mwepesi, naye hakuwa mwepesi.

Filamu iliyompa jina ilihusu nyambizi. Neno hilo hatukuwa nalo. Yeye aliiita manowari inayozama kwa hiari yake. Kati yetu hapakuwa na hata mmoja kwa kumi aliyewahi kuiona bahari, na baridi ya Njombe ilitufanya tuketi tumejifunika mablanketi, tukitazama wanaume wakitokwa jasho ndani ya bomba.

"Fikirini kihenge cha chuma," alisema. "Kimefunikwa juu. Kimezamishwa. Na mahindi ya humo ndani ni ninyi."

Mwanamke mmoja alisimama. "Mfasiri, humo wanapikia wapi? Moshi unatokea wapi?"

"Dereva anaombwa kusimamisha picha." Picha ikasimama. "Mama, sijui. Nitauliza." Na safari iliyofuata alimtafuta mama yule kwa jina, akamwambia kwamba wanapikia umeme. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Msomaji aliweke hilo akilini, kwa sababu ndilo linalonichanganya.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Manowari ya Wajerumani inaizamisha meli ya Waingereza, kisha, kwa huruma au kwa hesabu, inawaokoa nahodha wake na mabaharia sita. Baadaye inagonga mwamba na kulala chini ya bahari. Pampu imekufa. Mwingereza mmoja anajua kuitengeneza. Mjerumani mmoja ndiye mwenye spana kubwa inayoitosha, na anailalia kama silaha. Hewa inapungua. Mkanda wa tatu wote ni mikono miwili na spana moja.

"Nipe spana, bwana adui," Mfasiri alisema kwa sauti ya Mwingereza.

"Chukua, bwana adui," alisema kwa ile ya Mjerumani. "Lakini utairudisha."

"Nikiipeleka wapi, bwana adui, nasi tumefungiwa?"

Maneno hayo yalihama kitambaani yakaingia mitaani. Sokoni Makambako, wanawake waliogombania mahali pa kutandika maharage walisema, "Sogea kidogo, bwana adui," na waliosogezwa walicheka, wakasogea. Upande wa Walutheri filamu ilipata maisha mengine kabisa. Wajerumani wa ndani ya manowari wanaimba wimbo wa Noeli. Na wazee waliofundishwa wimbo huo na wamisionari Wajerumani, ambao vita viliwaondoa, walipousikia waliinuka na mablanketi yao wakauimba wote, beti zote, muda mrefu baada ya mabaharia kunyamaza. Walishikilia kwamba nahodha wa manowari alikuwa mchungaji aliyepotea njia, na walimwombea. Dereva, Mkatoliki, aliombwa kusimamisha picha mpaka wimbo uishe. Honi ikalia mara moja.

Mwishoni mwa mkanda wa tatu pampu inaguna, sindano ya kipimo inapanda. Mfasiri alishusha sauti. "Wakapanda. Mlango ukafunguliwa. Wakavuta hewa moja. Picha imekwisha, nendeni mkalale."

Kwenye orodha iliyobandikwa ubavuni mwa gari iliandikwa mikanda minne. Afisa mmoja wa Kizungu, aliyekuja kutazama pamoja nasi Njombe, aliiona orodha akauliza mwisho uko wapi. Nilikuwa karibu, nilisikia yote. Mfasiri, adui wa chumvi, alipuliza maikrofoni.

"Dereva anaombwa kuthibitisha kwamba mkanda wa nne umeliwa na panya."

Honi mara moja, papo hapo. Haikununa.

Jambo moja zaidi la nyumbani, kabla sijafika ninakokwenda. Kila gari liliposafiri, mama alimfungia baba kikapu cha viazi vya kuchemsha na maharage, na kila mara kilitosha watu wawili. Baba aliporudi, mama alipokea kikapu kabla ya koti.

"Amekula?"

"Sijui. Nilikiweka kwenye bodi ya gari, nikageuka kutazama injini."

"Injini ina nini?"

"Haina kitu. Ndiyo maana niliitazama."

Kikapu kilirudi na maganda tu. Mama aliyamwaga mwenyewe nyuma ya nyumba, peke yake, wala hakutwambia neno. Nilidhani ni huzuni.

Nilipelekwa Uingereza kusoma, nikapata shahada ya kwanza, nikabaki kutafuta ya pili. Jioni moja, katika mji ule wa mvua, jumba la sinema lilikuwa likionyesha filamu za zamani za vita, na kwenye picha ya mlangoni niliiona manowari yetu. Niliingia kama mtu anayeingia kwao. Nilijua kila uso. Sindano ilipopanda, nilitabasamu, nikachukua koti langu nikasimama. Mtu wa nyuma alinigusa bega: niketi, haijaisha.

Niliketi. Mlango wa juu ukafunguliwa, mwanga ukaingia, na Mjerumani akanyoosha mkono apokee spana yake. Mwingereza akampiga nayo kichwani. Akampiga tena. Wenzake wakawavamia waliobaki, bendera ikabadilishwa, muziki ukapanda, na watu waliokuwa jirani nami wakapiga makofi.

Sitatia chumvi: sikuweza kuandika ukurasa kwa majuma matatu. Tasnifu yangu ilihusu imani tunayoweza kuwapa mashahidi wa mdomo, na shahidi wangu wa kwanza maishani alikuwa ameninyima robo ya habari. Nilijaribu kumtetea. Huenda ofisi haikuleta mkanda huo. Lakini orodha iliutaja. Huenda ni kweli panya. Lakini mtu aliyefuatilia moshi wa jiko la manowari angefuatilia mkanda. Huenda Kiingereza chake hakikutosha. Lakini spana kichwani haihitaji Kiingereza. Basi aliuficha, na kama aliuficha, kile ambacho uwanda wetu wote uliita wema kilikuwa ni picha iliyokatwa kabla ya damu, na wale wanawake wa sokoni walisogezana kwa jambo ambalo halikutokea. Lakini walisogezana kweli. Nilipofika hapo kila mara nilianza upya.

Miezi michache baadaye barua ilinifikia: baba amefariki. Nilifika nyumbani wamekwisha kumzika. Niliuliza kama Mfasiri alikuja. Mama alisema alionekana barabarani, ng'ambo ya makaburi ya misheni, amesimama na koti lake la mvua, siku isiyo na mvua. Watu walipogeuka kutawanyika, hakuwapo.

"Nenda ukamlete," alisema. "Gari la mwalimu mkuu liko, na baba yako alikufundisha kuendesha. Ninataka kaka yangu aketi humu ndani, kabla nami sijafa. Sina ombi jingine kwako na elimu yako yote."

"Aliapa, mama."

"Najua alivyoapa. Nilikuwapo." Alikuwa akimenya kiazi, na hakuinua macho. "Tangu utoto alikuwa akimenya kiazi ganda likitoka zima, halafu la pili analichomeka ndani ya la kwanza, na la tatu ndani ya la pili, kama vikombe. Baba yako alikuwa akimenya kama mbuzi. Mwambie hivi: viazi vyangu amevila miaka yote vikiwa vya baridi. Sasa aje avile vya moto."

Nilipokuwa nikitafuta viatu vya baba vya kuendeshea, chini ya kitanda niligusa kopo la bati, bapa, la duara. Juu yake, kwa rangi nyeupe, iliandikwa namba nne.

Mfasiri aliishi Makambako, nyumba ya pili baada ya kanisa. Ofisi ilikuwa imeletewa filamu zinazosema Kiswahili zenyewe, naye alikuwa amestaafishwa. Nilimkuta amekaa mlangoni akimsahihisha jirani kuhusu idadi ya magunia.

"Shikamoo, Mfasiri."

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa dereva." Akanipa mkono. "Pole."

Nilimpa kopo. Aliligeuza mikononi, akafuta vumbi kwenye namba kwa kidole gumba.

"Lilikuwa wapi?"

"Chini ya kitanda chake."

"Mimi nilidhani alilitupa mto Ruhuji."

"Basi panya hawakulila."

"Hawakulila." Alilisema bila kupepesa, kama anayerekebisha hesabu yake mwenyewe. "Mwaka ule nilikwenda kwa mchungaji nikaungama kwamba nimewasingizia panya. Alicheka. Sikupenda alivyocheka."

Nilimweleza niliyoyaona Uingereza. Nilieleza kwa mpangilio, na nadhani kwa hasira. Alisikiliza mpaka mwisho, akamwomba jirani atupishe kidogo.

"Tulipopewa filamu, tulitakiwa kuijaribu kwanza," alisema. "Mimi na yeye, ghalani, mchana, madirisha yamezibwa kwa magunia. Spana iliposhuka mara ya kwanza, baba yako alizima mashine. Giza tupu. Halafu akasema, 'Hii hatuionyeshi.' Alisema kwa mdomo wake, kama mtu na mtu."

"Nawe?"

"Nikasema, 'Haya.'"

"Bila kipaza sauti?"

"Ghalani hapakuwa na kipaza sauti."

"Basi kiapo ulikivunja."

"Neno moja."

"Neno ni neno. Wewe ndiye uliyetufundisha kuhesabu."

"Umesoma mpaka umekuwa kama mimi," alisema. "Pole tena."

"Lakini kwa nini mliuficha? Mlitaka watu wapatane?"

"Watu gani? Mimi sikufikiri watu. Nilifikiri kwamba kila jioni nitasimama kando ya kile kitambaa, niwaeleze wenzangu kwa nini mtu anamuua aliyempa spana, na nyuma yangu, ndani ya gari, ameketi yeye. Ningesema nini? Yeye kwa nini aliuficha, sijui. Sikumuuliza. Nilikwisha kutumia neno langu."

Nilikuwa nimeandaa hoja njiani: kwamba kiapo kilikuwa cha nyumba ya dereva, na nyumba sasa ni ya mjane, kwamba waliokisikia kiapo wamekufa wote isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye anayemwita. Nilizitoa zote. Aliinua mkono.

"Usinitafutie mlango wa nyuma, bwana. Nikiingia, nitaingia nimevunja. Siyo kwa ujanja wa shule."

"Basi kuna ujumbe tu. Mama anasema viazi vyake umevila miaka yote vikiwa vya baridi. Anasema sasa uje uvile vya moto."

Kopo lilimponyoka, likajiviringisha kizingitini, likalala.

"Alijuaje?"

"Maganda. Uliyapanga kama vikombe."

Midomo yake ilisogea kama zamani, alipokuwa akisubiri Mzungu wa kwenye picha amalize ili yeye aanze. Kisha akainuka, akaliokota kopo, akaingia ndani. Nilihesabu, kwa ugonjwa wangu wa kuhesabu, nikafika mia moja na arobaini. Alitoka amevaa koti la mvua. Alinipita, akafungua mlango wa Landrova ya mwalimu mkuu, akaketi kiti cha abiria, kopo likiwa juu ya magoti.

Nilikaa kwenye usukani, sikuwasha. Sikutaka kudhani. Watu wengi walikuwa wamedhani mengi kuhusu mtu huyu.

"Mfasiri," nilisema, "niambie wazi. Tunakwenda kwa mama, au nikupeleke mahali pengine? Unakwenda kula nyumbani kwa dereva?"

Aliutazama usukani, mikono yangu, na pale katikati. Halafu akanyoosha mkono wake mrefu mbele ya kifua changu, akabonyeza honi.

Mara moja.

Niliwasha gari. Nilisubiri ya pili mpaka njia panda ya Njombe, na haikuja.